Hesabu ya Dirishani

Kila Julai, Jumamosi ya baridi kali,
Bi Ngaire Tolhurst huja na kiti cha kukunja,
thamosi, na daftari lenye jalada la plastiki,
akaketi jikoni kwake.

Jiko halipo. Hakuna hata tofali.
Siku ya tetemeko tope lilipanda sakafuni
kama uji uliosahauliwa motoni;
serikali ikaununua mtaa mzima, ikaubomoa,
ikaacha bustani:
miplamu, mawaridi, mlimau mmoja mkaidi.
Mimi ndiye mkata nyasi wa manispaa.
Nilipewa ramani isiyo na nyumba.

Sheria ya hesabu ni nyepesi:
saa moja, bustani moja,
na uandike wale uliowaona kwa pamoja,
usije ukamhesabu mmoja mara nne.
Yeye ameongeza ya kwake:
wa dirishani tu.
Dirisha lilitazama kaskazini, penye jua, penye mplamu.

"Nyuma yako kuna mdiria," namwambia.
"Yuko kwenye waya. Kifua rangi ya chai ya maziwa."
"Huko ni ukutani," anajibu bila kugeuka.
"Wewe huona kupita ukuta?"

Shorewanda arobaini na mmoja.
Anafuta. Arobaini: yule kiguru
amezunguka akarudi tena.
Kwezi sita, wanagombana kama mashemeji kwenye mirathi.
Mweusi mmoja mwenye mdomo wa chungwa
anapekua majani kana kwamba amepoteza hereni.
Tauhou kumi na wanne, macho yao yamevishwa pete nyeupe.
Jina lao kwa Kimaori maana yake mgeni;
walivuka bahari kutoka Australia
zama za bibi wa bibi yake,
wala hawakungoja siku ya tatu wapewe jembe.
Walijitwalia wenyewe,
wakaanza na vidukari vya mawaridi.

Maji yanapokupwa kule mtoni, mto unapokutana na bahari,
inatufikia harufu ya chumvi,
na sauti za kuaka wachanga
waliobaki wakubwa walipokwenda Alaska.
Hawajajua bado kwamba mbawa zile ni za safari.
Sauti haihesabiwi.
Anaisikiliza hata hivyo, kalamu ikiwa juu.

Kisha piwakawaka,
mkia wazi kama karata mkononi.
Huyu hunifuata kazini,
hula wadudu ambao mashine yangu imewaamsha.
Lakini mashine nilikuwa nimeizima.
Akaja tu.
Akavuka kizingiti (nakijua kilipo,
kuna mstari ambapo nyasi hukataa kuwa kijani),
akapiga duara mahali pa meza,
mahali pa friji,
mahali pa kiti cha marehemu Desmond,
akatoka.

Wazee wa huku husema
piwakawaka akiingia ndani, mtu atatoka.
Mama yangu angemwita ndege mbaya,
angetupa chumvi, angepiga simu kwa dada zake wote.
Mimi husema si kila ndege ni ndege.
Husema hivyo nikiwa na watu.

Bi Ngaire hakuinua kichwa.
Tangu Mei koti lake limemzidi,
na mkono unaoshika kalamu
una plasta ya hospitali.
"Huyo," akauliza, "ameingia?"

Nikazitazama nyasi. Nilizikata mwenyewe Alhamisi.
"Hapana," nikasema. "Alikuwa nje ya kioo."

Akaandika polepole. Nikasoma kinyumenyume:
piwakawaka, mmoja, nje.

Zilibaki dakika tisa. Hakuja yeyote
ila paka wa mtu, naye haandikwi.
Akamwaga chai iliyopoa, nikamkunjia kiti,
tukatoka kwa kupitia ukumbini,
mimi mbele, yeye nyuma,
tukipinda pale palipo na pembe ya kabati.

Tulipofika barabarani akageuka.
"Kumbe," akasema, "mdiria."
Lakini saa ilikuwa imekwisha.